Begi Chini ya Mtumbwi

Ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani kwetu Kavimvira, tulitoka na watoto na vile vichache vilivyobebeka mikononi. Begi moja la nguo lilisahaulika ndani siku nne. Mume wangu alirudi kulichukua, maji yakimfika kifuani, akalibwaga mbele yangu kwenye kibaraza cha dada yake tulikokuwa tumehamia, akaniambia nilifungue nione kama kuna nguo iliyopona. Nilivuta zipu kiasi cha kiganja. Harufu ikanipiga usoni: pamba iliyolala na maji ya ziwa, sabuni ya mawese iliyoyeyuka, na kitu kama majani yaliyooza chini ya jiwe. Nikarudisha zipu. Nikaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka mume wangu akaja kuniuliza kama malaria imenirudia.

Haikuwa malaria. Nilikuwa nimerudi kwenye miaka yangu tisa, na katika ndoa yetu yote sikuwahi kumweleza habari ile. Nilimweleza siku hiyo. Sasa naiandika kwa ajili ya wenzangu tuliokulia kando ya maji haya, sisi tuliojua kuogelea kabla hatujajua kuuliza.

Tulikaa Kalundu, chini ya barabara, mahali ambapo ukifungua mlango wa nyuma unaziona boti zikipakia. Baba yangu, ambaye tulimwita Papa kama watoto wote wa mtaa, alikuwa na boti ya mbao ya kubebea makaa kutoka Makobola. Mashini ilikuwepo, lakini mafuta yakikosekana alitweka tanga la shitingi, zile turubai za wakimbizi alizokuwa amezishona pamoja kwa uzi wa wavu, na upepo wa kusini ukaturudisha nyumbani polepole, bila kelele. Wakati wa vakansi, shule zikifungwa, alinichukua. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji yaliyoingia botini kwa bidoni, dumu la plastiki lililokatwa mdomo, na kutazama mbele, kwa maana macho yangu yalikuwa makali kuliko yake.

Ziwa letu lina vitu vingi juu yake. Boti za kwenda Baraka na Kalemie hupakia mpaka ubavu unakaribia kulamba maji, na upepo ukija, kuna kitakachoanguka au kutupwa. Niliona beseni likizunguka peke yake. Niliona kandambili moja ya kushoto, na siku mbili baadaye, mbali kabisa, ya kulia. Mara moja tuliokota kapu la kuku na kuku mmoja ndani alikuwa bado hai, ametulia kama abiria aliyelipa nauli. Papa alipenda sana kuviendea vitu hivyo. Alishusha tanga, akachukua pondo, akavuta kitu taratibu kana kwamba anaokota mtoto.

Lakini hakuchukua hata kimoja kiwe chake. Kila tulichokiokota alikitundika kwenye ua wa lopango, kiwanja chetu cha nyumba, upande wa njia, watu wakione. Jumapili katekista alikitaja baada ya misa, pamoja na matangazo ya ndoa. Mtu akija kudai, Papa alimuuliza kwanza, "Ndani mulikuwa nini?" Akijibu vizuri, alikabidhiwa. Wengi walimwachia mche wa sabuni au chumvi kidogo. Niliwahi kumuuliza kwa nini tusibaki na beseni zuri la buluu ambalo hakuna aliyelifuata kwa mwezi mzima.

"Ziwa halizai beseni," alisema. "Kila kintu unaona kinaelea, kiko na muntu anakililia fasi fulani."

Watoto wenzangu wa Kalundu walikuwa na maelezo mengine, na hayo ndiyo niliyoyaamini. Walisema ukificha kitu cha ziwa, ziwa litakuja kubadilisha: litachukua kitu cha nyumbani kwako. Niliona kwamba hiyo ndiyo sababu ya kweli ya Papa kuvitundika vile vitu uani. Sikumwambia kwamba nimeijua siri yake.

Kaka yangu Kashindi, ambaye tulimwita Yaya kwa kuwa alikuwa wa kwanza, alinizidi miaka kumi. Kati yangu na yeye kulikuwa na mimba za Mama zilizoharibika, ndiyo maana nilimjua kama mtu mzima wa pili katika nyumba. Alikuwa na sauti nene na vidole virefu, na alipokuwa akinifundisha hesabu alinipiga kofi dogo la utosi kila nilipopata jibu sahihi, si nilipokosea. Mwaka ule alipata diplome yake, na mjomba wa Kalemie akasema aje asomee uuguzi. Mama alifua nguo zake zote. Alizifunga ndani ya mifuko ya plastiki, mfuko juu ya mfuko, akakaza mafundo kwa meno, kisha akazipanga ndani ya gunia la mchele kwa kuwa begi hatukuwa nalo. Siku ya tatu, yaani Jumatano, kwa kuwa kwetu siku za wiki huhesabiwa kuanzia Jumatatu, alimpigia pasi shati la manjano. Yaya alilivaa, akabeba gunia begani, akashuka bandarini na Papa. Mimi nilibaki mlangoni nikilia kwa hasira, kwa sababu hakunichukua.

Ijumaa habari zikafika Kalundu kwamba boti ile ilikutwa na upepo mkali Alhamisi na kapitene akatupa mizigo majini. "Batu wote walifika salama," walisema vijana wa bandarini. Mama alifanya ishara ya msalaba. Alijaribu kumpigia Yaya simu, na sauti ya yule mwanamke wa kwenye mashine ikasema namba haipatikani. "Ni rezo," Mama alisema, akiulaumu mtandao. Nakumbuka hata aliwahurumia wenye mizigo.

Jumamosi, ambayo kwetu tunaiita siku ya posho, tulikuwa tunarudi kutoka Makobola kwa tanga, makaa nyuma na mimi mbele, nilipoona maji yamekuwa mekundu kwa mbali. Vilikuwa vitunguu. Mamia ya vitunguu vilikuwa vikicheza juu ya mawimbi madogo, vimeng'aa kama vimeoshwa kwa ajili ya soko. Nilicheka, nikapiga makofi. Katikati yake kulikuwa na bidoni tatu za manjano, godoro la sponji lililojikunja, na pembeni kabisa, begi jeusi.

Papa alichukua bidoni. Akachukua godoro. Kisha akalifikia begi kwa pondo, akalivuta mpaka ubavuni, na hapo mikono yake ikasimama. Alilitazama. Kwenye mshikio wake kulikuwa na kitambaa chekundu kilichofungwa. Alikigusa kile kitambaa kwa kidole kimoja, mara mbili. Tanga lilikuwa linapigapiga bila mtu wa kulishika.

"Papa, tanga," nilisema.

Alilinyanyua begi, maji yakimwagika, akaliingiza chini ya magunia ya makaa, akalifunika kwa kipande cha shitingi. Vitunguu hatukuokota hata kimoja. Tulipokaribia nyumbani alinitazama kwa macho ambayo sikuyajua.

"Ile begi, hatutaisema," alisema. "Umesikia? Hata kwa Mama."

Nilimwona akilificha. Nyuma ya lopango kulikuwa na mtumbwi wetu wa zamani uliopasuka, umelazwa kifudifudi; alilisukuma chini yake akaweka majani ya ndizi mbele. Kisha akanawa, akaja kula bugali na ndagala alizopika Mama, akasema chumvi imetosha.

Siku tatu zilizofuata sikulala vizuri na sikucheza. Papa wangu, ambaye watu walitoka mpaka Kilibula kuja kumshukuru, alikuwa mwizi. Jumapili katekista alitangaza bidoni tatu na godoro moja. Nilikaza macho kwenye shingo ya Papa aliyekuwa benchi la mbele. Hakugeuka. Kila asubuhi alishuka bandarini, akakaa huko mpaka saa sita, akarudi bila kusema alichofuata. Mimi nilifikiri anatafuta mtu wa kumuuzia begi. Na kila nilipopita karibu na mtumbwi ule nilisikia maneno ya wenzangu: litakuja kubadilisha. Nilianza kuhesabu wadogo zangu wawili mara kwa mara, kuona kama wapo.

Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, mama mmoja mchuuzi aliingia katika lopango letu. Aliitwa Mama Riziki. Alikuwa ametoka Baraka kwa njia ya barabara, vumbi mpaka kwenye kope, kufuata mali zake zilizotupwa majini. Aliliona godoro uani, akasema si lake. Bidoni mbili zilikuwa zake, akataja alama iliyochongwa chini, Papa akampa.

"Na begi?" aliuliza. "Nilikuwa na begi nyeusi, mulikuwa vitenge kumi na viwili. Ile ndiyo ilikuwa kazi yangu yote."

"Begi hapana," Papa alisema.

Mama Riziki aliketi chini pale pale penye mchanga, akafunika uso kwa mikono. Mama alimletea maji. Na mimi, niliyesimama kati yao, nikafikiri kwamba huyu ndiye mtu anayelia, yule ambaye Papa alisema yuko fasi fulani, amefika, na Papa amemwangalia machoni akasema hapana. Nilifikiri pia kwamba nikifanya haraka ziwa halitapata muda wa kubadilisha. Nilikwenda nyuma ya nyumba. Nilitoa majani, nikalivuta lile begi kwa mikono miwili, likikwaruza udongo, mpaka mbele yao wote.

"Papa," nilisema, "umesahau hii."

Nilitaka wasijue kwamba aliiba. Hayo ndiyo maneno bora niliyoweza kuyapata.

Papa alipiga hatua moja akasimama. Mama Riziki alilitazama begi. "Hii si yangu," alisema. "Yangu haikuwa na kitambaa."

"Basi tufungue, mwenyewe ajulikane," Mama alisema.

"Usifungue," Papa akasema.

"Juu ya nini?" Mama aliuliza sababu.

Mama alimwangalia, kisha akapiga magoti akavuta zipu. Harufu ilitoka. Juu kulikuwa na taulo lililolowa, akaliondoa. Chini yake kulikuwa na mifuko ya plastiki, mfuko juu ya mfuko, na Mama hakufungua hata mmoja. Alishika fundo. Alilipapasa kwa dole gumba, fundo lenye alama za meno yake mwenyewe.

"Nilimununulia bandarini," Papa alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikutaka mutoto aingie Kalemie na gunia. Nikafunga kitambaa asiipoteze."

"Tangu lini unayo?"

"Siku ya posho."

Ndipo Mama Riziki alipoinuka. Aliuliza, polepole, kama mtu anayekanyaga mahali asipopaona, "Huyo mutoto wenu alivaa shati gani?"

"Ya manjano," Mama alisema.

Mama Riziki akamshika Mama mabega kwanza, kisha akasema. Alisema mawimbi yalikuwa yanaingia na kapitene akaamuru mizigo itupwe, wanawake wakakumbatia mali zao wakakataa. "Kulikuwa ule kijana. Akasimama akasema, bamama, minye natupa yangu kwanza, muone. Begi yake ikaenda. Tukaona haya, tukamuachia vintu vyetu. Alikuwa anatupa moja moja, anatuomba pole. Alipokamata gunia yangu ya vitunguu wimbi likapiga ubavu. Akaenda nayo. Kapitene alitukataza kusema. Minye niliogopa. Munisamehe."

Mama hakupiga kelele mara moja. Alimgeukia Papa.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu unakula bugali yangu. Mutoto wangu pengine alikuwa juu ya jiwe fulani anatuita, na weye unaficha begi."

"Walisema batu wote walifika," Papa alisema. "Kila siku nilikuwa naenda kuuliza. Nilitaka nipate kwanza habari ya kweli."

Kisha kilio cha Mama kikaja, na majirani wakajaa lopango.

Papa aliondoka siku hiyo hiyo kwa boti na wanaume wanne wa mtaa wetu. Alirudi Alhamisi. Katika kijiji kidogo cha wavuvi karibu na Swima walimwonyesha kaburi jipya chini ya michikichi, na shati la manjano walilokuwa wamelitunza. Tulikaa matanga. Mama alinyoa nywele. Watu walipoondoka, nyumba ilibaki na watu wawili wazima wasiozungumza. Mama alimwekea Papa chakula mezani na kwenda kukaa jikoni. Alipotaka kumwambia kitu alinituma mimi. "Mwambie papa yako kuni zimeisha." Papa alikuwa hatua tatu kutoka hapo.

Nami sikutaka kutumwa kwake. Wengine walifikiri ni huzuni. Ukweli ni kwamba nilimwogopa, na nilijiogopa mwenyewe. Tulificha kitu siku tatu, yeye na mimi, na ziwa likaja kubadilisha. Lingeweza kumchukua mdogo wangu mmoja, au mbuzi, lakini lilimchagua Yaya kwa kuwa alikuwa karibu. Kwangu jambo hilo lilikuwa wazi kama hesabu. Kama ningesema siku ya posho jioni, kaka yangu angefika Kalemie. Papa aliponishika mkono niliuchomoa. Alipoandaa boti nilisema tumbo linauma. Baada ya mara ya tatu hakuniita tena.

Kabla shule haijafunguliwa, Mama alisema anataka kuona kaburi. Alimwambia jirani, jirani akamwambia Papa. Tulikwenda watatu, na msalaba wa mbao ulioandikwa jina la Yaya ukiwa umelala kati yetu. Safari ilichukua sehemu kubwa ya mchana na hakuna aliyesema neno, isipokuwa Papa aliponiomba nichote maji yaliyoingia. Nilichota nikiwa nimempa mgongo.

Kijijini alitupokea mama mmoja mwenye umri wa bibi yangu, ambaye ndiye aliyemwosha Yaya. Papa alisimika msalaba, akagonga udongo kwa jiwe, kisha akashuka pwani peke yake akakaa ndani ya boti, kama alivyozoea sasa kumpisha Mama. Yule bibi alieleza yote bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu ambaye ameyaweka maneno tayari kwa siku nyingi. Kwamba Alhamisi jioni waliona gunia na viti vikielea. Kwamba alfajiri yake mwanawe alimkuta kijana kwenye mchanga. Kwamba hakuwa na jeraha, ila mkwaruzo kwenye kidevu. "Nilimuosha na maji ya moto," alisema, "juu ya vile alikuwa baridi sana. Tukamuzika siku ile ile, siku ya tano, saa tisa. Hatukujua jina, tukasali tu kwa ajili ya mutoto wa muntu."

Siku ya tano ni Ijumaa.

Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Siku ya tano, kisha posho. Nilihesabu tena nikianzia mwisho. Begi tuliliokota posho. Tulipoliokota, Yaya alikuwa tayari ameoshwa kwa maji ya moto na amelala chini ya ile michikichi. Papa alipolisukuma chini ya mtumbwi, na mimi niliponyamaza, hakukuwa na kitu tena cha kubadilishwa.

Nilikimbia kuelekea pwani. Papa alikuwa ameketi kwenye ubao, viganja vimelala magotini.

"Papa, alizikwa siku ya tano," nilisema.

Alinitazama bila kuelewa.

"Yaya. Bibi anasema walimuona siku ya tano asubuhi. Sisi tuliona begi siku ya posho. Si sisi, Papa. Si juu yetu."

Kwanza nilidhani hakusikia. Kisha nikamwona anahesabu kwa vidole juu ya goti, na nikatambua, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwamba mtu mzima naye anaweza kuhesabu vibaya. Mara ile ya kwanza alipofika hapa alionyeshwa kaburi, akalia, akarudi, na hakuuliza siku. Aliogopa jibu. Tangu hapo alikuwa anamwona mwanawe juu ya jiwe, akiita, siku ya posho, Jumapili, Jumatatu.

"Sema tena," aliniambia.

"Siku ya tano, Papa."

"Nani amesema?"

"Bibi aliyemuosha."

"Sema tena."

Nilisema tena. Aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, na sauti iliyomtoka sikuwa nimewahi kuisikia, hata matangani. Nilipanda botini nikamshika shati mgongoni, na hapo, miezi miwili baada ya Yaya kuondoka, mimi pia nikamlilia, yeye mwenyewe, vidole vyake virefu na kofi lake la utosi, bila hofu yoyote iliyochanganyika ndani.

Mama alikuwa ameshuka nyuma yangu. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alisimama majini, kitenge kikilowa mpaka magotini. Kisha akashika ubavu wa boti, akapanda, akaketi kwenye ubao ule ule, karibu naye.

"Songa kidogo," alimwambia.